Kompyuta Zilizopigwa Marufuku na Blogu Zilizonyamaza

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili aliniletea pendekezo la tasnifu. Anataka kuandika historia ya blogu za Kiswahili nchini Tanzania kuanzia mwaka 2004 hadi 2010. Ni kijana mpenda vifaa. Mkobani mwake hamkosi kompyuta mpakato, betri ya akiba, simu mbili na nyaya ambazo nyingine sijui hata kazi yake, na tangu akiwa sekondari amekuwa akiandika mtandaoni kuhusu vitu hivyo: simu ipi inatunza chaji, ipi inapasuka kioo upesi, programu gani haili bando. Nililisoma pendekezo lake nikalirudisha nikiwa nimeandika pembeni swali moja: kwa nini historia hii inaanza mwaka 2004? Akanijibu kwa heshima kwamba ndipo blogu zilipoanza. Nikamwambia arudi nyuma miaka thelathini, aanze mwaka 1974. Alinitazama kama mtu anayemtilia shaka daktari wake. Makala haya ni maelezo ambayo siku ile sikupata nafasi ya kumpa.

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini, pamoja na seti za televisheni, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kila nikilisema hili darasani wanafunzi hucheka. Wamezaliwa na kukuta kompyuta mezani na simu mkononi, na kwao marufuku hiyo inasikika kama ile mikasa ya wafalme wa kale walioamuru bahari irudi nyuma. Mimi huwaacha wacheke kwanza, kisha nawaomba waniambie shilingi za kigeni zilikuwa ngapi hazina mwaka ule. Hapo hunyamaza.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mtambo wa Kiingereza ulioitwa ICT 1500. Haikuwa kifaa cha mtu. Ilikuwa mashine ya kujaza chumba, iliyohitaji wataalamu wa kuiendesha, na wataalamu hao wengi walikuwa wageni. Hadi mwaka 1974 kompyuta za nchi nzima zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Serikali ilikuwa imejaribu kuziingiza hesabu zake katika mitambo hiyo, na matokeo yakawa hesabu zilizovurugika na fedha nyingi zilizopotea. Juu ya hayo, bei ya mafuta ilikuwa imepaa mwishoni mwa mwaka 1973, ukame ukaingia, na nchi ikawa inatumia fedha za kigeni kununua chakula. Katika hali hiyo, mtu wa hazina aliyeambiwa achague kati ya mahindi na mashine inayokosea hesabu hakuwa na uamuzi mgumu. Kwa hiyo sisemi kwamba marufuku ile ilitokana na ujinga, wala kwamba ilikuwa njama dhidi ya raia. Ilikuwa na sababu, na baadhi ya sababu hizo zilikuwa nzuri.

Lakini tazama kilichoruhusiwa wakati uleule. Redio iliruhusiwa, tena ilipendwa. Kiwanda cha Matsushita kilikuwepo Dar es Salaam tangu mwaka 1966 kikitengeneza redio na betri za National, na watu wa rika la wazazi wangu bado huita betri yoyote “nashino”. Mwaka 1973 Serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Vijijini watu walikaa katika vikundi kuizunguka redio moja, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ni moja ya kazi kubwa zilizowahi kufanywa na chombo cha mawasiliano katika nchi hii, na sina dharau nayo hata chembe. Ninachokiona ni umbo lake. Anayesema ni mmoja, wanaosikia ni wengi, na redio haina mahali pa kujibia. Hata televisheni haikukataliwa kila mahali: Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara tulisubiri vituo binafsi hadi mwaka 1994. Kwa hiyo kifaa kama kifaa hakikuwa tatizo. Kilitazamwa kwa maswali mawili: kitagharimu nini, na nani atakishika. Swali la kwanza limekufa kwa sababu vifaa vimekuwa rahisi. La pili liko hai.

Marufuku ililegea katika miaka ya 1980 na kuyeyuka kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1990, pamoja na mambo mengine mengi ya zama zile. Kompyuta ziliingia kupitia ofisi za miradi ya wafadhili, vyuo na mabenki. Mwaka 1994 kampuni ya Mobitel ikaanzisha simu za mkononi, zikiwa kubwa kama tofali na bei yake ikiwa ya mawaziri na wafanyabiashara. Intaneti ikafuata katikati ya muongo huo. Kufikia mwaka 2000 maduka ya intaneti yalikuwa yameota Dar es Salaam kama uyoga, kisha yakaenea Arusha, Mwanza, Moshi na Mbeya. Mwanafunzi wangu hajawahi kuingia katika duka la namna hiyo, na nadhani hapo ndipo tasnifu yake itakapompa shida kuliko penginepo, kwa maana blogu za kwanza haziwezi kueleweka bila kile chumba chenye joto.

Nijaribu kukieleza. Kompyuta kumi au kumi na mbili, zimetenganishwa kwa mbao nyembamba. Pangaboi linazunguka polepole. Mhudumu mlangoni ana daftari na saa ya ukutani. Unalipa shilingi 500 kwa nusu saa, na dakika zako zikiisha skrini inajifunga hata kama uko katikati ya sentensi. Nchi nzima wakati huo ilitegemea mawasiliano ya satelaiti, kwa hiyo ukurasa mmoja wenye picha ungeweza kula robo ya fedha yako kabla haujafunguka. Mwandishi wa blogu hakuandikia pale. Aliandika nyumbani kwa kalamu, au kwenye kompyuta ya ofisi jioni wakubwa wakishaondoka, akahifadhi maandishi kwenye diski ya plastiki yenye uwezo wa megabaiti 1.44, akaitia mfukoni mwa shati, akapanda daladala, akaomba Mungu diski isiungue jua wala isishike vumbi. Akifika dukani alinakili, akabandika, akabofya, akaondoka. Majibu ya wasomaji aliyasoma safari ijayo, siku tatu au wiki moja baadaye. Ndiyo maana makala za wakati ule ni ndefu na zimefikiriwa. Hakuna mtu aliyelipa nauli na shilingi 500 ili aandike kwamba amechoka na foleni.

Nami nilikuwa mmoja wao. Nilianzisha ukurasa wangu mwaka 2006, mwaka wa mgao mkubwa wa umeme, nikiwa nimemaliza shahada ya kwanza na sina ajira ya kueleweka. Niliandika kuhusu historia ya mitaa ya mji niliokulia, majina ya mitaa hiyo na watu walioipa majina. Wasomaji wangu hawakuzidi arobaini, na nusu yao walikuwa Watanzania wa ng'ambo wenye hamu ya nyumbani na intaneti ya haraka. Mmoja wao, aliyekuwa akisoma Uingereza, alinisahihisha mara tatu kuhusu mahali kilipokuwa kisima fulani. Alikuwa sahihi mara zote tatu.

Njia hiyo walikuwa wameshaifungua wengine. Jikomboe, blogu ya Ndesanjo Macha, mwandishi na mwanasheria aliyekuwa akiishi Marekani, ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza kwa Kiswahili, na yeye ndiye aliyewashawishi wengi waliofuata. Alifanya kazi kubwa pia katika Wikipedia ya Kiswahili. Ninachomkumbukia zaidi ni ule uhubiri wake kwamba mtu yeyote mwenye jambo la kusema ana haki ya kulichapisha bila kupita mlango wa mhariri. Mwezi Septemba mwaka 2005, katika mkutano uliofanyika Helsinki, alikutana na Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la Serikali la Daily News, akamwonyesha namna ya kufungua blogu. Michuzi alikuwa na kamera ya dijitali na alikuwa anajua kila mtu. Alianzia hukohuko Finland, na baada ya muda mfupi picha zake za harusi, misiba, mikutano, mechi na mitaa zilikuwa gazeti la kila siku la Watanzania waliotawanyika duniani. Tazama jinsi kifaa kilivyoamua umbo la kazi: Ndesanjo aliishi kwa kibodi, blogu yake ikawa ya hoja, Michuzi aliishi kwa kamera, yake ikawa ya nyuso.

Lugha nayo ilikuwa kiwandani. Kulikuwa na mabishano ya kufurahisha kuhusu chombo hiki kiitwe nini. Wengine walishikilia “gazeti tando”, wengine wakasema “blogu” inatosha, na mwisho blogu ikashinda kwa sababu ilikuwa fupi. Kompyuta iliitwa tarakilishi na ngamizi, na wakali wa kila upande hawakusalimiana. Wakati huohuo, mwezi Desemba mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Huenda leo hili likaonekana dogo. Mtu aliyewahi kuandika ukurasa mzima wa Kiswahili sanifu, na mashine ikampigia mstari mwekundu chini ya kila neno kana kwamba ameandika upuuzi, anajua kwamba halikuwa dogo. Nakumbuka nilivyobofya neno “Hariri” kwenye orodha ya juu na kuona mashine imetii. Nilibofya tena bila sababu.

Hapa nimwombe msomaji anivumilie nitoke nje ya mipaka, kwa kuwa wanablogu wa wakati ule hawakuijali sana mipaka hiyo. Mwezi Juni mwaka 2007 mkutano wa TEDGlobal ulifanyika Arusha. Aliyeuandaa, Emeka Okafor, alikuwa mwenyewe mwanablogu, na mmoja wa waliosimama jukwaani alikuwa kijana wa Kimalawi, William Kamkwamba, aliyejenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme kijijini kwao kwa vipande vya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki. Habari yake ilikuwa imetoka katika gazeti la Malawi mwishoni mwa mwaka 2006. Wanablogu waliipokea, wakapokezana, hadi ikamfikia mwandaaji. Kijana aliyekuwa hajawahi kutumia intaneti alifika Arusha kwa nguvu ya watu walioandika kuhusu mitambo kwa kupenda tu. Katika mkutano uleule alikuwepo Ory Okolloh, mwanasheria wa Kenya aliyeandika blogu ya Kenyan Pundit. Miezi michache baadaye, tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi wa Kenya yalipotangazwa na Serikali ikazuia matangazo ya moja kwa moja, ukurasa wake ukawa moja ya sehemu ambazo watu walikimbilia kujua nani ameuawa wapi. Yeye na wenzake, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, wote wakiwa watu wa blogu na programu, wakaunda katika siku chache mfumo wa kuweka taarifa za raia kwenye ramani kwa ujumbe mfupi wa simu na barua pepe. Wakauita Ushahidi, na jina hilo la Kiswahili limetumika tangu hapo katika majanga ya nchi nyingi duniani. Redio ilipoambiwa inyamaze, simu za mkononi zilijibu. Sidhani kama kuna serikali yoyote ya ukanda huu ambayo haikulitambua hilo.

Mwezi Julai mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kufanya kazi, ukiwa umetua Dar es Salaam, Mombasa na kusini zaidi. Intaneti ikawa ya haraka, kisha ya rahisi, kisha ya kila mtu. Simu janja zikaingia, maduka ya intaneti yakageuka kuwa maduka ya nguo. Ni kweli kwamba blogu nyingi zilianza kuzorota hapohapo, na si kwa kosa la Serikali. Waandishi wengi walihamia Facebook na baadaye Instagram, walikokuwa wasomaji. Waliobaki wakagundua matangazo ya biashara, na blogu kumi zikawa zinabandika taarifa ileile ya vyombo vya habari, na picha ileile ya mgeni rasmi akikata utepe, hadi makosa ya tahajia yakiwa yaleyale. Niliwahi kukuta makala yangu katika ukurasa wa mtu mwingine, jina langu limeondolewa na salamu za Krismasi zimeongezwa. Anayeipamba historia ya blogu za Tanzania kama bustani iliyokanyagwa na dola peke yake hasemi yote.

Hata hivyo dola ilikuja. Mwaka 2015 ilipitishwa Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mwezi Juni mwaka 2016 simu zilizotambuliwa kuwa bandia zilizimwa nchi nzima, na raia wakajifunza kubofya *#06# ili kujua kama kifaa walichonunua kwa fedha zao ni halali. Kisha, mwezi Machi mwaka 2018, zikatangazwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni na shilingi 1,000,000 nyingine za kila mwaka. Jumla ya mwaka wa kwanza ni shilingi 2,100,000, wakati kima cha chini cha mshahara serikalini kilikuwa shilingi 300,000; yaani miezi saba ya jasho la mtumishi wa chini, kwa ajili ya kuandika. Fomu iliuliza wamiliki, hisa, uraia, sifa za wafanyakazi na uthibitisho wa kodi. Adhabu ya kukiuka ilikuwa faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Maduka ya intaneti yaliyosalia yaliagizwa kufunga kamera za ulinzi. Hata nywila ya simu yako mwenyewe, ile unayoiweka ili mtoto asikufutie picha, iligeuka kuwa wajibu wa kisheria.

Nilisoma kanuni hizo mara mbili, kama ninavyowafundisha wanafunzi kusoma hati: mara ya kwanza kwa kinachosemwa, mara ya pili kwa kinachodhaniwa. Katika usomaji wa pili nilimwona mtu ambaye kanuni ilikuwa inamfikiria. Ana ofisi, ana wanahisa, ana wafanyakazi, ana mpango wa biashara. Ni mmiliki wa mtambo. Kanuni haikuweza kumwona mwalimu wa sekondari mwenye simu ya mkononi anayeandika jioni juu ya kitanda chake, kama vile tangazo la mwaka 1974 lisivyoweza kuwazia kompyuta inayoingia mfukoni. Aliyelisoma lile la kwanza akalielewa hatashangazwa na la pili. Katika yote mawili, kifaa ni mali inayohitaji kibali kabla hakijafanya lolote, jema au baya.

Haja ya kuandika peke yako si ngeni kwetu, wala haikuletwa na Google. Mwaka 1937 Erica Fiah, mwenye duka Dar es Salaam aliyetokea Uganda, alianzisha gazeti la Kwetu. Lilikuwa gazeti la mtu mmoja kwa karibu kila maana: hasira zake, hoja zake, barua za watu wa mjini waliokosa pa kusemea. Utawala wa kikoloni haukulipenda. Hata hivyo nakala zake zipo, na mwanahistoria John Iliffe alipoandika historia ya Tanganyika aliweza kumsikia Fiah akisema kwa maneno yake mwenyewe. Naomba msomaji akumbuke hilo, nitalirudia.

Kanuni za mwaka 2018 zilipingwa mahakamani. Mwezi Mei mashirika kadhaa ya haki na ya habari yalipata zuio la muda katika Mahakama Kuu ya Mtwara, lakini halikudumu, na mwezi Juni wamiliki wengi wa blogu na majukwaa walizima kurasa zao. Kanuni hizo zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, ada imepunguzwa, na kwa haki lazima niseme hali ya leo si ile ya 2018. Lakini mwaka 2019 ikaja laini ya simu kwa alama ya kidole, na mwezi Oktoba mwaka 2023 wananchi wakaagizwa kusajili hata ile programu ya VPN inayofungwa kwenye simu.

Nami nilifanya nini mwezi Juni mwaka 2018? Ningependa kuandika kwamba nilipinga. Haikuja barua, haikuja simu, hakuna mtu aliyenitisha. Wakati huo nilikuwa na wasomaji labda mia tatu, nilikuwa nimeajiriwa, nina familia, na makala zangu kuhusu majina ya mitaa zilikuwa zimeanza kugusa namna viwanja vya mitaa hiyo vilivyobadilisha wenyewe. Usiku mmoja nilifungua ukurasa wangu, nikatazama makala 212, nikabofya kitufe cha kufuta. Programu ikaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Hata haikuwa lazima. Ningeweza kuuficha tu ukurasa ule, ukakaa gizani ukisubiri siku nyingine. Hofu haikunipa nafasi ya kusoma chaguo la pili. Niliporudi kuandika miaka kadhaa baadaye, hapa, nilianza na ukurasa mtupu kama mtu asiye na jana.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wangu. Wiki mbili zilizopita tulikaa ofisini kwangu na orodha ya blogu za zamani, baadhi akizijua yeye, nyingi nikizikumbuka mimi. Tulizifungua moja baada ya nyingine. Chache zipo, zimesimama kama nyumba ambazo wenyewe wamehama na kuacha mapazia. Nyingine anwani zake zimenunuliwa na wauzaji wa kamari. Nyingi hazipo kabisa. Mtambo wa Wayback Machine wa Marekani umehifadhi vipande, ukurasa wa kwanza bila picha, makala bila maoni. Na maoni ndiyo yaliyokuwa uhai wake, maana huko ndiko yule bwana wa Uingereza alikonisahihisha kuhusu kisima. Mchapishaji wa kitabu hutakiwa kisheria kupeleka nakala maktaba ya taifa. Nyaraka za umma zina sheria yake ya mwaka 2002. Kwa blogu tulikuwa na fomu ya leseni, ada, adhabu na kamera mlangoni, na hatukuwa na ofisi hata moja iliyopewa kazi ya kutunza nakala. Fiah, aliyechapa kwa taabu chini ya mkoloni, anasomeka. Sisi tulioandika miaka 70 baadaye katika nchi huru hatusomeki.

Kijana aliniuliza, akiitazama skrini na si mimi, kama nilikuwa na nakala yoyote ya makala zangu mwenyewe. Nilitaka kusema sina. Kisha nikakumbuka bahasha ya kaki iliyohamishwa nasi nyumba tatu, chini ya vyeti vya chanjo vya watoto. Ndani yake mna diski kumi na moja za plastiki, kila moja imeandikwa tarehe kwa kalamu ya wino, ya kwanza Machi 2006. Nilimletea kesho yake. Alizishika mojamoja, akazigeuza, akatelezesha kile kibati cha mbele kuona kama bado kinarudi. Katika mkoba wake wote uliojaa vifaa hamkuwa na kimoja cha kuzisomea, na kompyuta za idara yetu hazina mlango wake tangu miaka kumi iliyopita. Ameahidi kuzunguka kwa mafundi wa Kariakoo kumtafuta mwenye mashine ya zamani. Jana jioni amenitumia ujumbe kwamba amempata mmoja anayo, lakini haiwaki, na anatafuta kifaa cha kuiwashia.